Mobutu na Léopards: aliyejenga timu kwa vitisho anastahili heshima gani?

BIBOKOBOKO, FIZI – Léopards wakishinda, jina la Mobutu halikosi kutajwa. Kuna wazee wanaosema wakati wake inchi ilikuwa na timu ya kweli. Wengine wanajibu kwamba timu ile ilijengwa kwa vitisho. Miaka mingi imepita tangu afariki, na kaburi lake bado liko ugenini. Je, mtu aliyeleta ushindi lakini akawatesa wale waliomletea ushindi huo, anastahili heshima?

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala, Équateur, tarehe 14 Oktoba 1930, baba yake akiwa mpishi. Alisoma kwa wamisionari, ila kwa utundu wake alifukuzwa, na mwaka 1950 akaingizwa katika Force Publique, jeshi la wakoloni. Alifika cheo cha sajenti, kisha mwaka 1956 akaacha jeshi na kuwa mwandishi wa habari Léopoldville. Patrice Lumumba alimwamini, na baada ya uhuru wa 1960 akampa nafasi kubwa jeshini. Miezi michache tu baadaye Mobutu alimgeuka. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akatwaa madaraka yote ya inchi.

Mwezi huo huo, Fizi ilikuwa vitani. Che Guevara, aliyevuka Ziwa Tanganyika mwezi wa nne kuja kuwasaidia waasi, aliondoka akiwa ameshindwa. Jeshi la serkali, likisaidiwa na mamluki wazungu, lilikuwa limekwisha kuingia Baraka. Kutoka 1967, Laurent-Désiré Kabila alikaa na chama chake cha PRP katika milima ya Fizi miaka mingi, na raia wakabaki katikati ya waasi na askari wa serkali. Ndiyo maana huku kwetu watu wengi walimjua Mobutu kupitia bunduki kabla ya kumjua kupitia kabumbu.

Kule Kinshasa, raisi mpya aliona haraka kwamba mpira unaweza kuunganisha inchi na kulikuza jina lake. Wachezaji Wakongomani waliokuwa Ubelgiji waliitwa kurudi nyumbani, na timu ya taifa ikapewa jina la Léopards. Matunda yalionekana. Mwaka 1967 na 1968, Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilichukua kombe la vilabu vya Afrika. Mwaka 1968, huko Addis Ababa, timu ya taifa iliifunga Ghana 1-0 na kuwa bingwa wa Afrika. Vita Club ikafuata mwaka 1973.

Mwaka 1974 ndio ulikuwa kilele. Huko Misri, chini ya kocha Blagoje Vidinić kutoka Yugoslavia, Léopards walitoka sare 2-2 na Zambia katika fainali, kisha wakashinda 2-0 mechi iliporudiwa. Ndaye Mulamba alifunga magoli yote manne ya fainali hizo. Kwa jumla alifunga 9 katika mashindano hayo, na hakuna aliyemfikia mpaka leo. Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na magari.

Lakini zawadi ya mkubwa ilikuwa na kamba. Wachezaji hawakuruhusiwa kwenda kucheza Ulaya kutafuta maisha yao. Mwezi wa sita wakaenda Ujerumani Magharibi, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Walifungwa 2-0 na Scotland. Kisha wakajua kwamba pesa walizoahidiwa hazitawafikia, na wakafikiria kugoma. Waliingia uwanjani wamevunjika moyo, wakafungwa 9-0 na Yugoslavia.

Baadaye wachezaji walieleza kwamba watu wa raisi waliwafikia na onyo: wakifungwa na Brazil magoli zaidi ya matatu, wasifikiri kurudi nyumbani. Katika mechi hiyo, Brazil ilipopata mpira wa adhabu, Mwepu Ilunga alitoka mbio na kuupiga mbali kabla Wabrazil hawajaupiga. Dunia ilimcheka miaka mingi, ikidhani hajui sheria za mpira. Mechi iliisha 3-0.

Mwaka huo huo, tarehe 30 Oktoba, Mobutu alileta Kinshasa pambano la Muhammad Ali na George Foreman, kila bondia akiahidiwa dola milioni 5. Pesa za ngumi zilipatikana. Wachezaji wa Léopards waliachwa wajitafutie.

Mwaka 1982 Mobutu alipewa cheo cha marshali. Ndaye Mulamba, yeye, alipigwa risasi na watu wenye silaha mwaka 1994, baada ya kutoka Tunis alikokuwa ameheshimiwa na CAF. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi katika umaskini, na akafariki huko mwaka 2019.

Mobutu alikimbia Kinshasa mwezi wa tano 1997, akiangushwa na Kabila, yule yule wa milima ya Fizi. Alifariki Rabat, Morocco, tarehe 7 Septemba mwaka huo. Mwaka 2013 Raisi Joseph Kabila alitangaza nia ya kurudisha mabaki yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mobutu aliipa kabumbu nafasi na mali, na kombe mbili za Afrika zimeandikwa katika historia. Kuzikwa katika udongo wa kwao ni haki ya kila marehemu, hata yule aliyekosea sana. Lakini kaburi ni jambo moja, na sifa ni jambo lingine. Magoli yalifungwa na akina Ndaye, na hofu ilikaa mioyoni mwa akina Mwepu. Kama inchi ina heshima ya kutoa, ianze na wazee hao waliobaki na familia zao.

Kwa Fizi jambo hili si la mpira peke yake. Kutoka Baraka mpaka Bibokoboko, ambako vita vimewafukuza watu katika nyumba zao, tumeona wakubwa wengi wenye silaha wakidai shukrani kwa ushindi wao. Mkubwa akisifiwa bila kuulizwa aliwatendea nini watu wake, anayemfuata atajifunza kwamba ushindi unafuta yote.