Charles Mochet: Fundi aliyewashinda mabingwa kwa baiskeli ya kulala, wakubwa wakaipiga marufuku

UKITOKA Makindu kwa baiskeli kuelekea Kibwezi siku ya upepo, utajua haraka ni nani anayekushinda nguvu. Si mlima. Hata si lile jua la Makueni. Ni hewa. Unapiga pedali, inakusukuma kifuani. Unaongeza kasi, nayo inaongeza ubishi.

Hesabu yake ni hii: kasi ikiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa unaongezeka mara nne, na nguvu unayohitaji kuushinda inapanda mara nane. Ndiyo maana kijana mwenye misuli yake anaweza kwenda kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, lakini kufika 60 na kudumu hapo ni ndoto. Misuli haiongezeki mara nane kwa sababu umekula vizuri.

Sasa, kama umewahi kufikiria kuivalisha baiskeli yako bodi ya fomu na faibaglasi ili ikate hewa jinsi samaki anavyokata maji, kuna mzee mmoja unafaa kumjua kabla hujatumia pesa zako. Anaitwa Charles Mochet. Alikuwa Mfaransa, alizaliwa 1880 na akafa 1934, kabla faibaglasi haijaanza kutumika kuunda bodi za magari. Lakini swali lako wewe ndilo lililomsumbua maisha yake yote ya ufundi: mtu mmoja, bila injini, anaweza kwenda kasi gani?

Mochet hakuanza na baiskeli. Miaka ya 1920 alikuwa na karakana yake Puteaux, karibu na jiji la Paris, akiunda vigari vidogo vyepesi. Uzito ulikuwa adui yake wa kwanza. Alijua kila kilo unayoweka kwenye gari lazima ilipwe na injini, na injini hulipwa na mfuko wa mwenye gari.

Kisha akaja kijana wake, Georges. Inasimuliwa kwamba mtoto alitaka baiskeli, mamake akakataa, akisema ni hatari. Wewe unajua hiyo vita ya nyumbani. Baba akatafuta njia ya katikati: akamuundia kigari cha magurudumu manne cha kupiga pedali. Georges akakitoa nje, na kumbe kile kigari kilikuwa kinaenda mbio kiasi cha kuwaacha wenzake waliokuwa na baiskeli za kawaida.

Hapo fundi akaona biashara. Akaunda kikubwa zaidi, cha watu wazima wawili wanaokaa bega kwa bega, kila mmoja na pedali zake, kikiwa na gia na bodi nyepesi ya plaiwudi. Akakiita Vélocar. Ulikuwa mwanzo wa miaka ya 1930, uchumi wa dunia umeanguka, na watu wengi hawakuwa na pesa za gari. Mtu na mkewe waliweza kutoka Jumapili na mizigo yao bila kununua hata tone la petroli.

Lakini Vélocar ilikuwa na kasoro moja. Ukiingia kwenye kona kwa kasi, ilitaka kupinduka, kwa sababu haikuweza kuinama jinsi baiskeli inavyoinama. Mochet akajaribu magurudumu matatu, bado. Mwishowe akafanya jambo ambalo wengi wangeona ni wazimu: akakichukua kile kigari ni kama amekipasua katikati, akabaki na magurudumu mawili, mbele na nyuma, na mtu mmoja ameegemea kiti, miguu imenyooshwa mbele.

Hebu fikiria ile picha. Kwenye baiskeli ya kawaida unasimamisha kifua chako kama mlango ulio wazi. Kwenye hii ya Mochet umelala, uso wa mwili unaopigwa na hewa umepungua, na mgongo umepata pa kuegemea unaposukuma pedali. Hakuna injini iliyoongezwa. Hakuna hila. Ni mtu yuleyule, amelazwa tu.

Mochet hakuwa mtu wa kuvamia. Kabla ya kwenda mashindanoni aliwaandikia wakuu wa chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, akiuliza kama mashine yake inaruhusiwa. Mwaka wa 1932 akajibiwa kwamba haina tatizo, kwani haikuwa na kifuniko chochote cha kukata hewa. Weka jibu hilo akilini, tutalirudia.

Sasa alihitaji mwendeshaji. Akampata Francis Faure, mwanaspoti wa kiwango cha kati, aliyejulikana zaidi kwa kuwa ndugu ya Benoît Faure wa Tour de France. Inasimuliwa kwamba wenzake walimcheka alipolala kwenye kile kitu pale uwanjani. Kicheko hakikudumu.

Rekodi kubwa zaidi ya baiskeli wakati huo ilikuwa ya saa moja: unazunguka uwanja peke yako kwa dakika 60, kisha unapimwa umbali. Oscar Egg wa Uswisi alikuwa ameweka kilomita 44.247 mwaka wa 1914, na kwa karibu miaka 20 hakuna aliyemgusa. Tarehe 7 Julai 1933, mjini Paris, Faure akamaliza saa yake akiwa amekwenda kilomita 45.055.

Fikiria aibu hiyo. Mabingwa wote wa Ulaya wameshindwa miaka 19, halafu anakuja jamaa wa kawaida, amelala chali, anaivunja kwa mita zaidi ya 800. Maswali yakaanza. Je, aliyeshinda ni Faure au ni mashine? Na kama kila mtu atanunua mashine ya Mochet, kampuni zilizokuwa zikiunda baiskeli za kawaida zitauza nini?

Mwezi uliofuata, Maurice Richard, Mfaransa mwingine, akaenda kilomita 44.777 kwa baiskeli ya kawaida. Ni pungufu kuliko Faure, si ndio? Lakini UCI ilipokutana Februari 1934, ilitunga maana mpya ya neno baiskeli, kwa kutumia vipimo vya mahali pedali na kiti vinapopaswa kukaa. Kwa vipimo hivyo, mashine ya Mochet haikuwa baiskeli tena. Rekodi ya Richard ikatambuliwa, ya Faure ikawekwa kando. Lile jibu la 1932 halikumsaidia Mochet hata kidogo.

Alikufa mwaka huohuo wa 1934. Hakuona mashine yake ikirudishwa mashindanoni, na hadi leo haijarudishwa: katika mbio za UCI huwezi kupanga mstarini na baiskeli ya kulala.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningekushauri ukae na baiskeli yako ya kawaida. Lakini Georges, yule mtoto wa kigari, alishika karakana. Akachukua mashine ya babake na sasa, kwa kuwa hapakuwa tena na sheria ya kumzuia, akaivalisha bodi kamili ya kukata hewa. Mwaka wa 1939 Faure akaingia ndani yake na kwenda kilomita 50.537 kwa saa moja. Kwa baiskeli ya kawaida, mtu wa kwanza kupita kilomita 50 kwa saa alikuwa Francesco Moser wa Italia, nchini Mexico, mwaka wa 1984. Hesabu mwenyewe: miaka 45.

Vita Vikuu vya Pili vilipofika na petroli ikakosekana Ufaransa, watu walizikimbilia zile Vélocar za magurudumu manne. Kitu kilichofukuzwa uwanjani kikawa cha kumpeleka mtu kazini.

Wewe una kitu ambacho Mochet hakuwa nacho. Plaiwudi haipendi kukunjwa kuwa umbo la yai. Faibaglasi inakunjwa upendavyo, na ilipofika 1953 kampuni ya Chevrolet ilikuwa ikiuza gari lenye bodi yake, Corvette. Mafundi wetu wa bodi huitumia kurekebisha bampa za magari. Na kuchonga si jambo geni Ukambani. Waulize wachongaji wa Wamunyu. Fomu ni laini kuliko mti wowote watakaokuonyesha.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unaunganisha vipande vya fomu ngumu (si sponji ya godoro) juu ya fremu, unachonga kwa msumeno na kisu, kisha unapiga msasa hadi umbo lisiwe na kona: mbele duara, nyuma likichongoka polepole kama mkia wa samaki. Mkia ni muhimu kuliko pua, kwa sababu hewa inayoachwa ghafla nyuma ndiyo inayokuvuta. Baada ya hapo unatandaza mkeka wa faibaglasi, unapaka rezini iliyochanganywa na hadena, na kuacha ikauke. Fomu inaweza kubaki ndani kama uti, au ukaitoa ubaki na ganda.

Chunga mambo machache. Ile fomu nyeupe inayofungiwa televisheni mpya huyeyuka ikiguswa na rezini ya poliesta. Hapo unahitaji epoksi, au fomu ya poliyurethini. Joto la Makindu linaharakisha rezini kukauka, kwa hivyo changanya kidogo kidogo; mkebe uliojaa unaweza kupata moto hadi utoe moshi. Vaa glavu, miwani na barakoa, ufanyie kazi nje. Vumbi la faibaglasi linawasha ngozi, na mapafuni halina kazi nzuri.

Halafu kuna barabara yenyewe. Bodi pana ni kama tanga: upepo wa ubavuni unaisukuma, na lori la Mombasa likikupita karibu litakuyumbisha. Ukilala chini, dereva wa lori hakuoni. Weka bendera ndefu, rangi kali na taa, na ujifunzie kwenye barabara za ndani, si barabara kuu. Acha nafasi ya hewa kuingia, la sivyo utajipika mwenyewe humo ndani.

Na usianze na bodi. Huo ndio mpangilio wa Mochet: kwanza alilaza mtu, akatatua kona, akaijaribu mashine uwanjani, bodi ya kukata hewa ilikuja mwisho. Vijana wengi huanza na faibaglasi kwa sababu ndiyo inayopendeza kwa picha, kisha wanagundua usukani unagonga magoti.

Waliofuata njia hii wamefika mbali. Mwaka wa 2016, huko Nevada, Marekani, Todd Reichert wa Kanada alipiga pedali ndani ya ganda lake hadi kilomita 144 kwa saa, kwa miguu yake mwenyewe.

Wewe huhitaji Nevada. Tafuta barabara tulivu ya kilomita moja, mwombe rafiki ashike saa. Pita mara tano kwenda na mara tano kurudi ukiwa na baiskeli ya kawaida, andika sekunde. Rudia baada ya kulaza kiti, na tena baada ya kuvalisha bodi. Kama sekunde hazipungui, msasa bado una kazi.