Hayati Karisa Maitha: Kachero Aliyegeuka Sauti ya Kisauni

Mtu akivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, akalipita soko la Kongowea na kufika Kengeleni, huwa ameingia katika ardhi ambayo kwa miaka saba ilikuwa na msemaji mmoja tu aliyesikika kote nchini. Msemaji huyo ni hayati Emmanuel Karisa Maitha, Mbunge wa Kisauni tangu mwaka wa 1997 hadi alipofariki mwaka wa 2004. Vijana wengi wanaosoma jarida hili walikuwa wachanga, au hata hawajazaliwa, wakati huo. Kwa hivyo si vibaya tukiifungua upya aushi yake, hasa kwa kuwa ni aushi yenye kurasa zilizosomwa hadharani na nyingine ambazo hadi leo zimekunjwa.

Kabla ya siasa, Maitha alikuwa afisa katika Tawi Maalumu la polisi, ambalo raia walilijua zaidi kwa jina la Special Branch. Tawi hilo lilirithiwa kutoka kwa serikali ya kikoloni, likaongozwa na James Kanyotu tangu mwaka wa 1965 hadi 1991. Kazi yake haikuwa kuwasaka wezi wa kuku. Ilikuwa kujua nani anasema nini, wapi, na mbele ya nani: makanisani, misikitini, vyuoni, bandarini, kwenye vyama vya wafanyakazi. Katika Kenya ya chama kimoja, maneno ya kachero yalitosha kumnyima mtu pasipoti, kumwachisha kazi au kumpeleka kizuizini. Mwaka wa 1986 tawi hilo lilibadilishwa jina na kuwa kurugenzi, na kwa sheria ya mwaka wa 1998 ikaundwa idara mpya ya ujasusi iliyotengwa na polisi.

Shule hiyo ilimpa Maitha nini? Mwandishi wa makala haya anaamini ilimpa elimu ambayo wanasiasa wengi wa Pwani hawakuwa nayo: kuijua serikali kwa ndani, na kujua kwamba nguvu zake zilitegemea sana woga wa watu. Ajabu ni kwamba aliyefunzwa kunyamaza na kusikiliza aligeuka kuwa mmoja wa wasemaji wakali mno wa majukwaani.

Siasa zake alizianzia ndani ya KANU. Hapo ndipo tunapofika kwenye ukurasa mgumu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi la vijana wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni karibu na kivuko cha feri, likaua maafisa, likapora bunduki na kuteketeza majengo. Mashambulizi yakaenea kusini mwa Mombasa na hata kaskazini. Watu zaidi ya mia moja waliuawa, na maelfu kwa maelfu, wengi wao wa asili ya bara, wakayahama makazi yao. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebaki miezi minne. Katika uchunguzi uliofuata, jina la Maitha lilikuwa miongoni mwa majina ya wanasiasa wa KANU yaliyotajwa. Suala hilo lilifika mbele ya tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka wa 1998. Tume ilikamilisha kazi mwaka wa 1999, lakini ripoti yake ikafungiwa hadi Oktoba 2002. Hakuna mahakama iliyompata Maitha na hatia. Hata hivyo, waliopoteza jamaa na nyumba zao Likoni hawakupata pia mahakama iliyowaambia ni nani aliyepanga maafa yale. Kwa mtu aliyewahi kufanya kazi katika idara ya siri, wingu la namna hii halipeperuki upesi.

Waama, lililotokea baadaye ndilo linalostahili kutafakariwa. Maitha aliihama KANU, akagombea kiti cha Kisauni kwa tiketi ya chama cha DP, kilichoongozwa na Mwai Kibaki. Msomaji akumbuke kwamba DP kilionekana na wengi kuwa chama cha watu wa Mlima Kenya, watu walewale wa bara ambao miezi michache tu nyuma walikuwa wakikimbizwa. Naye Maitha alikuwa Mgiriama. Alishinda. Je, wabara waliobaki Kisauni walimsamehe, hawakuyaamini yaliyosemwa juu yake, au walikipigia chama kura bila kumtazama mgombea? Pengine yote matatu kwa pamoja. Kura ni ya siri, na haina pa kuandikia sababu.

Kisauni ya wakati huo ilikuwa eneo pana, kwa sababu Nyali haikuwa imetengwa kuwa eneo bunge. Mbunge mmoja alimwakilisha mwenye kasri ufuoni pamoja na skwota ambaye hakujua atahamishwa lini. Mgogoro wa ardhi hapo ni wa kale: sheria ya hatimiliki ya mwaka wa 1908 iliwatambua wenye madai ya ardhi ya ukanda wa pwani, na Wamijikenda wengi wakajikuta wapangaji katika mashamba ya mababu zao. Pwani ilikuwa imekosa msemaji wa Mijikenda mwenye uzito wa kitaifa tangu kifo cha Ronald Ngala mwaka wa 1972. Maitha aliliona pengo hilo akaliingia kwa kishindo.

Mwaka wa 2002 muungano wa NARC uliiangusha KANU, na Januari 2003 Rais Kibaki akamteua Maitha kuwa Waziri wa Serikali za Mitaa. Wizara hiyo haikuwa ndogo. Sheria ya mabaraza ilimpa waziri uwezo wa kuteua madiwani, kuidhinisha bajeti na hata kuyavunja mabaraza. Ni chini yake ambapo watoto wa mitaani waliondolewa katikati ya jiji la Nairobi, wengine wakapelekwa mafunzoni katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, na mwaka huohuo wa 2003 hazina ya kuzirekebisha familia za mitaani ikaundwa. Wapo walioipongeza hatua hiyo. Wapo walioiona kuwa ni kuufagia umaskini usionekane.

Ndani ya NARC alisimama upande wa Rais, ilhali Najib Balala, waziri mwenzake kutoka Mombasa, alikuwa upande wa LDP. Ushindani wao wa kuiongoza Pwani haukufichika.

Juni 2004 Rais alilipanga upya Baraza la Mawaziri. Serikali za Mitaa ikaenda kwa Musikari Kombo, naye Maitha akapewa Utalii. Kwa Mpwani, utalii ni unga na mboga. Sekta hiyo ilikuwa ingali inauguza majeraha ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002, na mwaka wa 2003 safari za ndege za Uingereza kuja Kenya zilikuwa zimesitishwa kwa muda. Hakupata nafasi ya kuonyesha angefanya nini. Agosti 2004, akiwa Ujerumani, mauti yalimfika ghafla. Alikuwa ameishika wizara hiyo kwa takriban miezi miwili.

Morris Dzoro alirithi wizara, na katika uchaguzi mdogo wa Desemba 2004 Anania Mwaboza akakitwaa kiti cha Kisauni. Huko Kilifi upo uwanja uitwao Karisa Maitha. Wanasiasa wa Pwani, wa kila chama, bado hufanyia mikutano yao hapo.