Lord Delamere: Ukoo wa kikabaila uliohamishia mizizi yake Bonde la Ufa

NI vigumu kuzungumzia suala la ardhi katika Bonde la Ufa, nchini Kenya, bila kulitaja jina la Delamere. Hata hivyo, si wengi wanaofahamu kuwa hilo halikuwa jina la ukoo, bali cheo cha kikabaila kilichotokea Uingereza.

Mlowezi aliyelivumisha jina hilo ni Hugh Cholmondeley, aliyezaliwa mwaka 1870. Babu yake, Thomas Cholmondeley, aliyepata kuwa mbunge wa Cheshire, alitunukiwa cheo cha Baron Delamere mwaka 1821. Makao ya ukoo yalikuwa Vale Royal, mali waliyoimiliki tangu karne ya 17. Baba yake alipofariki dunia mwaka 1887, Hugh alirithi cheo na mashamba akiwa na umri wa miaka 17 tu.

Uwindaji ndio uliomleta Afrika. Baada ya kujeruhiwa na simba nchini Somalia, jeraha lililomwacha akichechemea, alisafiri hadi nyanda za juu za Kenya na kuvutiwa na rutuba yake. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Mifugo yake ilikufa kwa wingi, na ngano ikashambuliwa na kutu. Ili kumudu hasara, aliiweka rehani mali ya mababu zake.

Baadaye alijipatia shamba la Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita, katika malisho ambayo Wamaasai walikuwa wamehamishwa kwa mkataba wa mwaka 1904. Akiwa kinara wa walowezi, alipigania nyanda za juu ziwe za wazungu pekee.

Delamere alifariki dunia Novemba 1931, akazikwa Soysambu. Mwanawe, Thomas, alirithi cheo hicho hadi alipofariki mwaka 1979. Vale Royal iliuzwa mwaka 1947, na tangu hapo ngome ya ukoo ikawa Kenya.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, barabara ya Nairobi iliyoitwa kwa jina lake ilipewa jina la Kenyatta, na sanamu yake ikaondolewa na kupelekwa Soysambu. Jina lilifutwa barabarani, lakini shamba lilibaki mikononi mwa warithi wake, na kilio cha Wamaasai kuhusu ardhi waliyoipoteza hakikuzimwa na uhuru.