Antonius wa Misri, Rahibu Aliyesuka Ukili

Kila yasomwapo maulidi ya Barzanji, na msomaji akafika penye safari ya Sham, humsikia akitajwa Bahira, yule rahibu aliyemtambua Mtume wetu (S.A.W.) angali mtoto. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza mwalimu wangu wa chuoni rahibu ni mtu gani. Akanijibu kuwa ni Mnasara akaaye peke yake akifunga na kuomba, kisha akanirudisha kwenye ubao wangu. Jawabu hilo lilinitosha kwa miaka mingi. Baadaye, katika kusoma kwangu, nikakutana na mtu ambaye Wakristo wenyewe humwita baba wa marahibu, nami leo napenda kuwasimulia wasomaji habari zake, kwani mengi katika maisha yake si mageni kwetu sisi watu wa pwani.

Jina lake Antonius. Alizaliwa Misri kiasi cha mwaka 251, zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Mtume, katika nyumba ya Wakibti wenye mali. Kusoma hakujifunza, wala Kiyunani, lugha ya wakubwa wa siku zile, hakukijua. Alipofika umri wa miaka 18 au 20 wazazi wake walikufa, wakamwachia shamba lenye rutuba la kiasi cha ekari 200, pamoja na ndugu yake wa kike aliyekuwa bado mdogo sana. Hata miezi sita haijatimia, akaingia kanisani akasikia ikisomwa ile habari ya Injili ya tajiri aliyeambiwa na Nabii Isa auze alivyo navyo awape maskini. Wengi huyasikia maneno kama hayo kisha wakarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Antonius alitoka akawagawia wanakijiji ardhi yote, akauza vyombo, fedha akawapa mafukara, akabakisha kidogo kwa ajili ya umbu lake. Siku nyingine akasikia ikisomwa kuwa mtu asiisumbukie kesho. Na kile kidogo nacho akakitoa. Umbu lake akampeleka kwa wanawake wacha Mungu wamlee.

Hapa lazima niseme yaliyo moyoni. Mara ya kwanza nilipoisoma habari hii nilikasirika. Kwetu mali ya yatima ni amana kubwa, na mtu hasifiwi kwa ukarimu alioufanya kwa fungu la mwenziwe. Aliyeandika maisha yake, Askofu Athanasius wa Iskandaria, ambaye alimjua, hasemi kama binti yule aliulizwa. Lakini anatuambia kuwa miaka mingi baadaye, Antonius akiwa mzee, walionana tena, naye yule mwanamke alikuwa amezeeka katika utawa, akiwaongoza wanawake wengine. Hasira yangu ilipungua; haikwisha.

Basi kijana akaenda kwa mzee mmoja wa kijiji cha jirani ajifunze njia ya kumcha Mungu. Akawa anakula mara moja tu, jua likisha kuchwa, na pengine akipitisha siku mbili au hata nne. Chakula chake mkate na chumvi, kinywaji maji. Alilala juu ya mkeka, na mara nyingi juu ya ardhi tupu. Alipofika kiasi cha miaka 35 alivuka Mto Naili akajifungia ndani ya ngome iliyohamwa, akakaa humo karibu miaka 20. Rafiki zake walimletea mikate mara mbili kwa mwaka, wakiipitisha juu ya dari pasipo kumwona uso. Mwisho, kiasi cha mwaka 305, watu walichoka kungoja wakauvunja mlango. Walidhani watamkuta gofu la mtu, au mwenda wazimu. Akatoka mzima, mwili haukunenepa wala haukukonda, akawasalimu kwa utulivu. Kuanzia hapo wafuasi wakamjia wengi, na milima ya jangwani ikajaa watawa.

Lakini kisa kinachonivuta zaidi ni kidogo kuliko hicho. Inasimuliwa kuwa siku moja Antonius alishikwa na uchovu wa moyo, ule unaomfanya mtu aione ibada kama mzigo na siku kama haiishi. Akalalamika kwa Mola wake kwamba ataka kuokoka na fikira zake hazimwachi. Alipotoka nje akamwona mtu mfano wake, ameketi anasuka kamba ya majani ya mtende. Mara akainuka akaomba, kisha akaketi akasuka tena, akainuka tena. Alikuwa malaika, naye alikuja kumfundisha kuwa hivyo ndivyo afanye. Niliposoma hayo nilimwona marehemu bibi yangu barazani na miyaa yake, akisuka ukili, midomo ikitikisika kwa dhikiri; adhana ikilia aliuweka ukili chini, akisha kusali akauokota pale pale alipouachia. Hakupata kumsikia Antonius hata siku moja.

Wala msidhani alikuwa mtu wa kukunja uso. Mwindaji mmoja alimkuta akicheka na wafuasi wake, akachukizwa. Antonius akamwambia avute upinde wake, kisha auvute zaidi, na zaidi tena, hata mwindaji akalalamika kuwa utavunjika. Mzee akamfahamisha kuwa na watu wa ibada ni vivyo hivyo, wakivutwa kupita kiasi huvunjika.

Sisi dini yetu haikutuamuru utawa wa kuacha ndoa na kukimbia watu, na Kurani Tukufu imewataja marahibu mahali kwa sifa na mahali kwa lawama. Hata hivyo, mwenye kujua Ramadhani hawezi kuwashangaa Wakibti wa Misri, ambao hadi leo hufunga siku 55 kabla ya Pasaka yao bila kugusa nyama, maziwa wala mayai, na wana sala saba za nyakati maalumu kwa usiku na mchana. Saumu hizo hakuzizua Antonius. Yeye na wenziwe wa jangwani walizitia nguvu.

Watu walipomzidi, aliandamana na msafara wa Waarabu mwendo wa siku tatu mchana na usiku, hata akafika chini ya mlima karibu na Bahari Nyekundu, penye chemchemi na mitende michache. Waarabu wale wakawa wakipita humpa mikate. Naye akalima bustani ya mboga, wageni wake wapate cha kula. Kaisari Constantine alimwandikia barua. Akawaambia wafuasi wasistaajabu, kwani kaisari naye ni mwanadamu. Akamjibu kwa kumkumbusha siku ya hukumu, haki na maskini.

Alikufa mwaka 356, umri wake miaka 105. Aliwausia wafuasi wake wawili wamzike mahali wasipopajua ila wao, maana hakupenda desturi ya Wamisri ya kuziweka maiti za watu wema majumbani. Urithi wake ulikuwa mavazi: ngozi mbili za kondoo alizowaachia maaskofu wawili, na vazi la singa walilobaki nalo wale wawili. Siri yake waliitunza. Kwetu, tunaobishana juu ya ziara za makaburi, sijui angekaa upande gani. Chini ya mlima ule pamesimama nyumba ya watawa yenye jina lake, na wageni wakifika wanapewa chakula.