Muuza Vyungu wa Fumba

Leo naomba tumtazame mwanamke ambaye hakuwahi kuimba kwaya yoyote ya kanisani. Alikuwa Mwislamu wa Unguja, na damu yake imegusa huku kwetu pia: mama yake asili yake ni Mzigua wa Tanga, baba Mnyamwezi wa Tabora.

Alizaliwa kijijini Fumba karibu mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Jamani, hebu fikiria kuitwa hivyo kila siku, tena wakati ambapo utumwa ulikuwa bado upo kweli. Kwao walilima na kufinyanga, naye alizunguka akinadi vyungu. Ukienda stendi yetu ya Muheza utawasikia wauza machungwa; sauti inafika kwanza, mtu anafuata. Ndivyo ilivyokuwa kwake.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Shule hakusoma. Ali Muhsin akamfundisha kuimba, naye akashika mashairi kwa kichwa tu. Taarabu ya ikulu siku hizo iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaimba kwa Kiswahili, na mambo ya watu wa kawaida yakaingia kwenye nyimbo: hata yule Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, aliimbwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na Kiswahili kikasikika kwenye gramafoni pwani nzima.

Wako waliomcheka sura yake na ushamba wake. Aliwajibu kwa wimbo, kwamba sura na ukoo si kitu, mtu ni akili yake. Kwenye falsafa tulibishana mihula miwili kuhusu utu wa mtu, na kwa kweli sikumbuki hoja iliyonigusa kama hiyo ya muuza vyungu. Sasa watu wakamwita Siti, yaani bibi wa heshima. Alialikwa mpaka kwa Sultani, nyumba ambayo binti wa shamba hakuitarajia.

Alifariki Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amesimulia maisha yake kwa Shaaban Robert, mwana wa Tanga, naye akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Baadaye waandishi wa habari wanawake wa TAMWA walipoanzisha jarida lao, waliliita Sauti ya Siti.