Pier Giorgio Frassati, Mpanda Milima Mwenye Subira

Wapo wazazi waonao kwamba michezo ni kupoteza wakati tu, na wapo waonao kwamba cheti cha mtihani ndicho kipimo cha pekee cha thamani ya mtoto. Kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya vijana wao, yafaa tukumbuke maisha ya kijana mmoja wa Italia, ambaye Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 huko Roma. Kijana huyo hakuwa padre, hakuoa, hakufaulu kwa urahisi shuleni, wala hakuwahi kumaliza masomo yake ya juu. Alikufa akiwa na umri wa miaka 24 tu. Jina lake ni Pier Giorgio Frassati.

Alizaliwa katika mji wa Torino, kaskazini mwa Italia, tarehe 6 Aprili 1901, nayo ilikuwa Jumamosi Kuu. Baba yake, Alfredo, alikuwa mwenye gazeti mashuhuri la La Stampa, baadaye akawa seneta, kisha balozi wa Italia mjini Berlin. Mama yake, Adelaide, alikuwa mchoraji wa picha. Ilikuwa nyumba ya watu wenye mali na heshima, lakini imani ndani yake ilikuwa kidogo. Baba hakuwa mtu wa kanisani. Mama alishika ibada kwa kadiri desturi ya watu wa cheo ilivyodai, wala si zaidi. Tena wazazi hao wawili hawakupatana, na jambo hilo lilikuwa msalaba wa kwanza wa Pier Giorgio na wa dada yake Luciana.

Katika masomo hakuwa mwepesi. Alipokuwa mvulana alishindwa mtihani wa Kilatini, akaletea jamaa zake aibu, maana katika nyumba kama ile kushindwa kulihesabiwa kuwa fedheha. Kwa sababu hiyo alipelekwa katika shule ya Mapadre Wajesuiti. Hapo ndipo neema ya Mungu ilipopitia katika mlango ule ule wa kushindwa: Pier Giorgio alianza kupokea Komunyo Takatifu kila siku, jambo ambalo mama yake mwanzoni hakulipenda, akiogopa kwamba mwanawe angekuwa mshika dini kwa mazoea tu. Tangu siku zile mpaka kufa kwake, Ekaristi Takatifu na Rozari zilikuwa chakula chake cha kila siku.

Mwaka 1918 aliingia katika chuo kikuu cha ufundi cha Torino, akachagua uhandisi wa migodi. Hakuchagua kazi hiyo kwa ajili ya fedha, kwa maana mali ilikuwa inamngojea nyumbani. Alitaka kuwa karibu na wachimbaji wa migodi, ambao maisha yao yalikuwa magumu kupita ya wafanyakazi wengine wengi, awe ndugu yao na mtumishi wao. Mwaka huo huo akajiunga na Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akaanza kuzunguka katika vichochoro vya maskini wa Torino, akichukua mafurushi ya chakula, nguo na dawa. Fedha aliyopewa na baba yake haikuwa nyingi; mara kwa mara aliitoa yote, akarudi nyumbani kwa miguu bila nauli ya tramu, akachelewa chakula, akakaripiwa. Hakujitetea. Nyumbani walidhani kwamba ni kijana mzembe asiyejali saa.

Masomo yalikwenda polepole. Alikaa na vitabu kwa saa nyingi, akashindwa, akarudia, akaendelea. Wenzake walihitimu na kumwacha nyuma. Lakini hakuwaonea wivu, wala hakukasirika, wala hakuacha.

Je, subira hiyo aliipata wapi? Kwanza aliipata katika sala. Lakini pia aliizoeza milimani. Torino imezungukwa na milima ya Alpi yenye theluji, na Pier Giorgio alikuwa mwanachama wa vyama vya wapanda milima, akapanda vilele vingi, kama Grivola. Alikuwa pia hodari wa kuteleza kwa mbao juu ya theluji, mpanda baiskeli na mwogeleaji. Mwaka 1924 yeye na marafiki zake, wanaume kwa wanawake, waliunda kikundi chao, wakakipa jina la mzaha lenye maana ya watu wa kutiliwa shaka. Walicheka sana, wakaimba kwa sauti kubwa, naye Pier Giorgio, ambaye hakujaliwa sauti ya kuimba, aliwashinda wote kwa kelele. Lakini kabla ya safari walihudhuria Misa alfajiri, na njiani walisali Rozari.

Mlima mrefu ni mwalimu mkali. Mwenye haraka huchoka kabla ya nusu ya njia. Mwenye majivuno hukanyaga pasipofaa, akaanguka. Wapandao hufungwa kwa kamba moja, na aliye na nguvu hulazimika kwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu, maana akiteleza mmoja wote wamo hatarini. Kilele huonekana karibu, kumbe bado ni mbali. Hapo hakuna dawa ila kuinua mguu mmoja, kisha mwingine. Ndivyo ilivyo kwa mwana wa Kanisa. Mtume Paulo mwenyewe aliwafananisha Wakristo na wakimbiaji mbioni, ambao hujinyima mengi kwa ajili ya taji.

Watu wengine hudhani kwamba mwenye subira ni mtu laini asiyeweza kukasirika. Pier Giorgio hakuwa hivyo. Mwaka 1921, vijana Wakatoliki walipokutanika Roma, polisi waliwashambulia ili kuwanyang'anya bendera yao, naye aliishika kwa nguvu zake zote. Walipokamatwa, afisa mmoja alitambua kwamba ni mwana wa balozi, akataka kumwachia. Yeye hakukubali kutoka mpaka wenzake nao wafunguliwe. Mwaka 1924 wafuasi wa Mussolini waliivamia nyumba yao ili kuiharibu, na yeye akawakabili, wakakimbia. Basi subira ya Kikristo si woga. Ni nguvu iliyotiwa hatamu.

Mapambano yake makubwa kuliko yote yalikuwa ya siri. Alimpenda binti mmoja wa kundi lao, naye akatambua kwamba wazazi wake wasingekubali. Ndoa ya wazazi hao ilikuwa karibu kuvunjika, na Pier Giorgio hakutaka kujenga nyumba yake juu ya magofu ya nyumba ya baba yake; basi aliuzima upendo ule bila hata kumwambia binti mwenyewe. Kisha, mwezi Juni 1925, alipokuwa amebakiza mitihani miwili tu kupata shahada, baba yake alimwita kwa kinywa cha mtu mwingine aje kufanya kazi katika ofisi ya gazeti. Hiyo ilikuwa ni kuaga migodi na wachimbaji aliowaota miaka saba. Aliuliza kama jambo hilo lingempendeza baba yake; alipojibiwa ndiyo, akakubali.

Tarehe 7 Juni 1925 alipanda mlima kwa mara ya mwisho. Katika picha iliyopigwa siku ile akiwa ameshikilia mwamba, aliandika kwa mkono wake maneno mawili yenye maana ya kuelekea juu. Mwisho wa mwezi akaanza kuumwa kichwa na viungo. Nyumbani bibi yake mzaa mama alikuwa anakufa, na watu wote walikuwa wanamshughulikia. Pier Giorgio hakutaka kuwaongezea mzigo, tena wengine walimlaumu kwamba anakuwa mgonjwa wakati usiofaa. Bibi alifariki tarehe 1 Julai. Ndipo walipomtazama kijana, wakagundua kwamba ana polio na kwamba mwili wake umekwisha kupooza. Waganga walidhani aliambukizwa katika nyumba za maskini. Jioni kabla ya kufa, kwa mkono usiotii tena, aliandika karatasi ndogo kumkumbusha rafiki yake juu ya dawa ya sindano ya fukara mmoja. Alifariki tarehe 4 Julai 1925.

Siku ya mazishi wazazi wake walitazamia kuwaona watu wa vyeo na waandishi wa magazeti. Hao walikuja. Lakini barabara zilijaa maelfu ya watu ambao jamaa hawakuwajua: wajane, wagonjwa, vibarua, watoto wa vichochoroni. Wengi wao nao walikuwa hawajui kwamba kijana aliyewapandishia mafurushi ngazini alikuwa mwana wa tajiri yule. Siku hiyo baba na mama walianza kumfahamu mtoto waliyeishi naye miaka 24. Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye naye alipenda milima, alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 20 Mei 1990, na mwili wake umewekwa katika kanisa kuu la Torino.

Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Pier Giorgio hakuzila hapa duniani. Hakupata shahada, hakupata migodi, hakupata mke, wala nyumba ya wazazi wake haikupata amani machoni pake. Basi tusiwafundishe watoto wetu kuvumilia kama mtu anayeweka fedha benki akingojea faida. Tuwafundishe kuvumilia kwa sababu Bwana wetu alivumilia, na kwa sababu njia yenyewe, tukiipita pamoja naye, imekwisha kuwa mali yetu.

Wazazi wapenzi, mtoto anaporudi nyumbani na alama mbaya, au timu yake ikishindwa naye akaja amenyamaza, mwangalieni vizuri kabla ya kusema. Ulizeni kama amejitahidi, kama amekuwa mwaminifu kwa wenzake, kama amesali. Mwacheni acheze, lakini Misa ya Dominika isiuzwe kwa mchezo wowote. Na tena chunguzeni yale anayoyafanya bila kuwaambia, kwa maana pengine maskini wa mtaani wanamfahamu kuliko ninyi. Msingoje siku ya mazishi ndipo mjue ni nani aliyekuwa akila mezani penu.

Mtakatifu Pier Giorgio awaombee vijana wetu, hasa wale waliobakiza mitihani miwili.