Sheikh Amri Abeid: Mshairi aliyeachia uwanja jina

SHABIKI wa Runazi anayesikiliza mechi za Arusha redioni analijua vizuri jina la Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Kama unadhani alikuwa straika wa zamani, umepiga nje. Sheikh alikuwa mshairi, kiongozi wa dini na mwanasiasa.

Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, ambacho kwa washairi ni kama kanuni 17 za soka. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alimpa Wizara ya Sheria, kisha Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Hapo ndipo mahali pake hasa, lakini hakukaa sana. Oktoba 1964 alifariki akiwa na miaka 40 tu.

Kombe hakuwahi kunyanyua. Ila Kiswahili alichokipigania ndicho kinachotangaza kila bao linalofungwa kwenye uwanja wenye jina lake.